Mvuto wa chembe milioni kwenye laptopu ya GB 8

Jua linaivuta dunia karibu mara 179 kuliko mwezi unavyoivuta. Hata hivyo wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Unguja, hawapangi kazi zao kwa jua. Wanahesabu siku za mwezi, na bamvua likifika ndipo maji yanakimbia mbali na vigingi vinabaki wazi. Bahari haijali dunia nzima inavutwa kiasi gani. Inajali upande mmoja wa dunia unavutwa zaidi ya upande wa pili kwa kiasi gani, na hapo mwezi, kwa kuwa uko karibu, unalishinda jua zaidi ya mara mbili.

Mwanafunzi wa Tunguu aliyepakua faili la galaksi iliyoigizwa kwa chembe kwenye kompyuta na kutaka kujua kila chembe inavutwa vipi anaingia kwenye mtihani huohuo. Mara nyingi anachokitafuta si mvuto wenyewe, ni tofauti ndogo iliyojificha ndani ya namba kubwa. Programu inaweza kumpa namba kubwa iliyo sahihi kwa asilimia 1, na tofauti isiyo na maana yoyote. Kwa hiyo msimamo wa makala haya ni mmoja: hesabu ya moja kwa moja, chembe kwa chembe, ndiyo mizani. Mti, gridi na mbinu nyingine zote ni za kuokoa muda, na kila moja inapaswa kupimwa juu ya mizani hiyo kabla ya kuaminiwa.

Hesabu yenyewe ni ya kizamani kuliko kompyuta. Mwaka 1941 Erik Holmberg, mwanaastronomia wa Lund, Sweden, alipitisha galaksi mbili karibu na karibu juu ya meza kwa kutumia taa 74, yaani 37 kwa kila galaksi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali kama mvuto unavyopungua, kwa hiyo aliweka kipima mwanga pahala pa taa, akasoma jumla ya mwanga kutoka kila upande, akajua taa ile isogezwe wapi. Taa zilimfanyia kazi ya kujumlisha. Sisi tunajumlisha kwa namba:

mchapuko wa chembe i = jumla ya G · m_j · (x_j − x_i) / (r² + ε²)^(3/2), kwa kila j isiyokuwa i

Hapa G ni namba isiyobadilika ya mvuto, m_j ni tungamo la chembe j, x ni mahali, na r ni umbali kati ya chembe mbili. Herufi ε ni kilainisho, na tutairudia baadaye kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi.

Vipimo kwanza

Chagua vipimo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Kwa galaksi, vipimo vinavyokwenda pamoja ni kiloparseki (parseki elfu, kipimo cha umbali wa nyota) kwa umbali, kilomita kwa sekunde kwa mwendokasi, na tungamo la jua kwa tungamo. Hapo G ni 4.30091 × 10⁻⁶. Ukipima umbali kwa parseki, kipeo kinakuwa −3. Ukipima tungamo kwa mafungu ya jua bilioni 10, kama yalivyo mafaili mengi ya GADGET, programu ya kuigiza galaksi, G inakuwa karibu 43,009. Kipande kimoja cha wakati katika vipimo hivi, yaani kiloparseki 1 gawa kwa kilomita 1 kwa sekunde, ni miaka milioni 978.

Mita na kilogramu tuziache skuli. Kiloparseki 10 ni mita 3.09 × 10²⁰, mraba wake ni 9.5 × 10⁴⁰, na namba ya biti 32 haibebi zaidi ya 3.4 × 10³⁸. Mraba unapita kiwango na kugeuka kuwa namba isiyo na ukomo. Chochote kikigawanywa kwayo kinatoa sifuri, na programu inamaliza kazi kimya kimya ikiwa imekuonesha galaksi nzima isiyo na mvuto.

Kuandika jumla bila ya kuijaza memori

NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, inamshawishi mtu atengeneze jedwali la kila chembe dhidi ya kila chembe kwa mstari mmoja. Kwa chembe 1,000 hakuna tabu. Kwa chembe 10,000 jedwali lina vyumba milioni 100, kila chumba kina tofauti tatu za x, y na z, na kila tofauti inakula baiti 8. Hiyo ni GB 2.4 kabla ya kupiga mraba. Ongeza nakala za muda ambazo NumPy huzitengeneza yenyewe ikijumlisha na kuzidisha, na laptopu ya GB 8 inaanza kumwaga memori kwenye diski. Kazi ya sekunde chache inakuwa ya kwenda kunywa chai na kurudi.

Dawa ya kwanza ni kukata vipande: chukua chembe 500 zinazovutwa kwa wakati mmoja dhidi ya zote 10,000 zinazovuta. Kila kipande kinahitaji MB 120 kwa tofauti hizo tatu, na vipande ni 20 tu. Dawa ya pili, iliyo bora, ni Numba, inayoigeuza Python kuwa msimbo wa mashine wenye kasi. Unaandika lupu mbili za kawaida, ya nje kwa i na ya ndani kwa j, unajumlisha kwenye namba tatu za muda, na jedwali halitengenezwi kabisa. Ndani ya lupu, tafuta 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha (r² + ε²), kisha izidishe yenyewe mara tatu. Ni nyepesi kwa mashine kuliko kuomba kipeo cha 1.5.

Hapa kuna mtego unaowapata hata wazoefu. Kanuni ya tatu ya Newton inasema j inaivuta i sawasawa na i inavyoivuta j, kwa hiyo mtu anaona apunguze kazi nusu kwa kuandika matokeo ya i na j kwa pamoja. Kwenye kiini kimoja cha prosesa, sawa. Ukiwasha viini vingi, viini viwili vinaweza kuandika kwenye j moja kwa wakati mmoja, mchango mmoja ukapotea. Dalili yake ni majibu yanayobadilika kila unapoendesha programu, tena si kwenye tarakimu ya 15 bali kwenye ya tatu au ya nne. Acha kila kiini kimiliki i zake na kiandike kwake tu. Kazi inakuwa mara mbili kwenye karatasi, na bado inakwisha mapema.

Chembe na nafsi yake pia inahitaji uangalizi. Ukiacha i = j ndani ya lupu bila ya kilainisho, unagawa sifuri kwa sifuri na safu nzima inajaa namba batili. Ukiwa na kilainisho, mchapuko wa nafsi ni sifuri na huoni tatizo, ila nishati ya nafasi inaingiziwa −Gm/ε ya uongo kwa kila chembe. Galaksi inaonekana imejifunga kwa nguvu kuliko ilivyo. Na ukijumlisha nishati ya nafasi ya mfumo mzima, gawa kwa 2, maana kila jozi imehesabiwa mara mbili.

Muda wake? Pima mashine yako, usikisie. Ikiwa inamaliza jozi milioni 100 kwa sekunde, chembe 100,000 zinachukua sekunde 100, na chembe milioni 1 zinachukua saa 2 na dakika 47. Kwa picha moja ya galaksi (hali ya chembe zote kwa wakati mmoja) yenye chembe 100,000, sekunde 100 si kitu. Watu wengi hukimbilia mti siku ambayo wala hawauhitaji.

Jaribio lenye jibu linalojulikana

Kabla ya galaksi ya kweli, tengeneza ya bandia ambayo jibu lake liko kwenye karatasi. Tufe la Plummer, mfano rahisi wa kundi la nyota la mviringo, linatosha. Tungamo M likiwa jua bilioni 10 na kipimo a kikiwa kiloparseki 1, mchapuko kwenye umbali r ni GMr / (r² + a²)^(3/2). Kwenye r = 1 jibu ni 15,206 kwa vipimo vyetu, na mwendokasi wa mzunguko ni kilomita 123.3 kwa sekunde. Namba hizo mbili ziandike juu ya programu yako.

Kutawanya chembe: chagua namba u bila mpangilio kati ya 0 na 1, kisha r = a / √(u^(−2/3) − 1). Kwa mwelekeo, kosaini ya pembe ya wima ndiyo inayochaguliwa sawasawa kati ya −1 na 1. Anayechagua pembe yenyewe sawasawa kati ya 0 na π anarundika chembe kwenye ncha mbili, na tufe lake linakuwa na mhimili ambao haukutakiwa. Pili, u ikikaribia 1, r inakwenda mbali kupita kiasi, kwa hiyo ni desturi kukata kwenye u = 0.99, ambayo ni r ya kiloparseki 12.2. Ukikata hivyo, tungamo la kila chembe ni 0.99M/N. Ukisahau na kuweka M/N, mvuto wote unazidi kwa asilimia 1, na utashinda ukitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Sasa weka nukta 200 zilizosambaa juu ya uso wa tufe la r = 1, tafuta mchapuko kwenye kila nukta, chukua sehemu inayoelekea kitovuni, kisha wastani. Kwa chembe 10,000 usitarajie 15,206 kamili. Ndani ya r = 1 kuna chembe 3,536 kwa wastani (3,571 ikiwa umekata kwenye u = 0.99), na bahati peke yake inazipandisha au kuzishusha kwa 48 hivi, sawa na asilimia 1.4. Wastani wako ukitoka ndani ya asilimia 2 au 3, programu iko sawa. Ukitoka nje kwa asilimia 10, kuna kosa. Ukitoka nje mara 1,000, umechanganya parseki na kiloparseki.

Nukta moja moja zitacheza zaidi. Kwenye r = 1 jirani wa karibu yuko umbali wa karibu parseki 74, na yeye peke yake, bila ya kilainisho, anachangia karibu asilimia 5 ya mvuto wote. Galaksi ya kweli yenye mabilioni ya nyota haina jirani mzito namna hiyo. Ni chembe zetu zilizo nzito mno, kila moja imebeba tungamo la jua milioni 1, na hapo ndipo kilainisho kinapoingia.

Kilainisho si kiungo cha kuonjea

Kilainisho kinaifanya kila chembe iwe wingu dogo badala ya nukta. Kazi yake ni kuzuia majirani wa karibu wasirushane ovyo. Gharama yake ni kwamba mvuto wa karibu unakuwa pungufu: kwenye r = ε unapata asilimia 35 tu ya mvuto wa Newton, kwenye r = 2ε asilimia 72, na hata ukifika r = 10ε bado kuna upungufu wa asilimia 1.5. Kilainisho hiki cha Plummer kina mkia mrefu. GADGET ya Volker Springel inatumia cha aina nyingine, ambacho kikipita 2.8ε mvuto unakuwa wa Newton kamili bila ya mkia. Kwa hiyo ε mbili zenye namba moja kwenye programu mbili tofauti si kitu kimoja, na anayelinganisha matokeo bila ya kujua hilo analinganisha mikate na sahani.

Ukubwa wake uchaguliwe kwa idadi ya chembe. Kanuni iliyotolewa na Chris Power na wenzake mwaka 2003 kwa wingu la maada nyeusi (maada isiyoonekana) ni karibu 4 · r200 / √N, ambapo r200 ni nusukipenyo cha wingu na N ni chembe zilizomo ndani yake. Wingu la kiloparseki 200 lenye chembe milioni 1 linapata ε ya kiloparseki 0.8. Ukiikata hadi 0.05 kwa tamaa ya kuona kitovu vizuri zaidi, unachokiona ni kelele za chembe.

Na ukipokea faili la watu wengine, tumia kilainisho walichotumia wao. TNG100, igizo la kompyuta la kipande cha ulimwengu, ina ε ya kiloparseki 0.74 kwa nyota na maada nyeusi kwa zama za sasa. Chini ya mara 2.8 ya hapo, yaani karibu kiloparseki 2, umbo lenyewe la galaksi limeshaumbwa na kilainisho. Kupiga hesabu ya mvuto kwa ε ndogo hakurudishi kilichopotea.

Mti, na mitego yake

Chembe zikipita laki kadhaa, au ukihitaji mvuto kila hatua ya wakati, jumla ya moja kwa moja haivumiliki. Josh Barnes na Piet Hut walichapisha njia ya mti mwaka 1986. Mchemraba unaozizunguka chembe zote unagawanywa mara nane, kila kipande mara nane tena, mpaka kila seli ibaki na chembe chache. Kila seli inaandikiwa tungamo lake na kitovu chake cha tungamo. Ukiwa kwenye boti ya Pemba usiku, kwa mbali taa za mji ni mwanga mmoja, na ukikaribia Malindi ya Unguja ndipo zinatengana moja moja. Mti unafanya hivyohivyo: seli yenye upana s iliyo umbali wa d inahesabiwa kama chembe moja ikiwa s/d ni ndogo kuliko θ, kizingiti unachokichagua mwenyewe. La sivyo inafunguliwa na watoto wake wanaulizwa swali lilelile.

θ ya 0.5 hadi 0.7 ndiyo ya kawaida. Kwa kuwa umbali unapimwa kutoka kitovu cha tungamo, sahihisho la kwanza, la dipoli, ni sifuri lenyewe, na kosa linaanzia kwenye kwadrupoli, yaani sahihisho la pili, linalotokana na chembe zilivyotawanyika ndani ya seli. Programu inayohifadhi kwadrupoli ya kila seli inalipa memori zaidi na kupata usahihi zaidi kwa θ ileile.

Sasa mitego. θ ikizidi 1/√3, yaani 0.577, kuna hali moja mbaya. Ulalo wa mchemraba ni √3 mara upana wake. Chembe yako inaweza kuwa kwenye kona moja ya seli, na karibu tungamo lote likawa kwenye kona ya kinyume. Umbali hadi kitovu cha tungamo unatosha kupita kigezo, na seli inakubaliwa kama kitu kimoja cha mbali ilhali chembe yenyewe na majirani zake wamo ndani. John Salmon na Michael Warren walilichambua tatizo hili mwaka 1994. Dawa ni nyepesi: seli yenye chembe yako ndani isikubaliwe kamwe, hata s/d iseme nini.

Mtego wa pili ni chembe mbili zenye mahali pamoja kabisa. Kwenye mafaili ya biti 32 hutokea. Mti unagawanya na kugawanya ukitaka kuzitenganisha, haziachani, na programu inakufa kwa kina cha kujiita yenyewe. Weka ukomo wa kina, au acha kila jani libebe chembe 8 hadi 16 na zihesabiwe moja kwa moja.

Wa tatu hauonekani kirahisi. Kwenye mti, i inaweza kuiona j peke yake wakati j inaiona i ndani ya seli. Kanuni ya tatu ya Newton imevunjika. Jumlisha tungamo mara mchapuko kwa chembe zote: kwa hesabu ya moja kwa moja unapata sifuri hadi tarakimu za mwisho za kompyuta, kwa mti unapata kibakio. Kikiwa kikubwa, galaksi yako itaanza kutembea bila ya kusukumwa na mtu.

Kupima mti hakugharimu. Chagua chembe 1,000 bila mpangilio kutoka kwenye milioni yako, zipigie hesabu ya moja kwa moja dhidi ya zote, na kwa mashine ile ya jozi milioni 100 kwa sekunde ni sekunde 10. Linganisha na mti. Usitazame wastani wa kosa tu, tazama na lile kosa ambalo asilimia 99 ya chembe ziko chini yake, maana mkia ndio unaoharibu. Chembe za kitovuni zitaonesha makosa makubwa kwa sehemu, kwa sababu huko mivuto inafutana na kigawanyo kinakaribia sifuri. Hizo zigawe kwa mchapuko wa kawaida wa galaksi badala ya mchapuko wao wenyewe. Asiyetaka kuandika mti wake anayo pytreegrav, iliyoandikwa kwa Python na Numba, na jaribio ni hilihili.

Gridi, yaani kugawa nafasi kwa vyumba sawasawa na kutafuta mvuto kwa kila chumba, tuipitie haraka. Inafaa kwa mchemraba wa ulimwengu unaojirudia, si kwa galaksi moja iliyojitenga. Ukiitumia kwa galaksi moja bila ya kuongeza gridi mara mbili kila upande, nakala zake za kufikirika zinaivuta. Na ukiiongeza, gridi ya 256 inakuwa ya 512, ambayo ni zaidi ya GB 1 kwa safu moja tu ya namba za biti 64.

Faili la kweli

Picha za TNG huja kwa HDF5, aina ya faili lenye safu za namba. PartType0 ni gesi, PartType1 maada nyeusi, PartType4 nyota, PartType5 mashimo meusi. Maada nyeusi haina safu ya tungamo, kwa kuwa chembe zote ni sawa na tungamo lake limo kwenye MassTable ya kichwa cha faili. Anayetafuta safu na kuikosa, kisha akaendelea na nyota na gesi peke yake, anaacha sehemu kubwa ya mvuto nje.

Umbali umeandikwa kwa kiloparseki gawa kwa h, namba inayowakilisha kasi ya upanuzi wa ulimwengu, na hapa h ni 0.6774. Tungamo nalo ni hivyohivyo, kwa mafungu ya jua bilioni 10. Ukiisahau h pande zote mbili, mchapuko unazidi kwa asilimia 48, lakini mwendokasi wa mzunguko hautikisiki hata kidogo, maana ndani ya M/r h inafutana. Ndiyo maana mchoro wa mzunguko unaweza kutoka wenye kilele kizuri cha kilomita 220 kwa sekunde na bado umbali wote ukawa si sahihi. Kwa picha za zama za nyuma, zidisha umbali kwa kipimo cha upanuzi a, na mwendokasi kwa kipeuo cha pili cha a.

Mchemraba wa TNG100 una upana wa 75,000 kwa vipimo hivyo, na unajirudia. Galaksi iliyokaa mpakani ina nusu yake upande wa pili. Toa kitovu kwanza, kisha tofauti yoyote inayozidi 37,500 ipunguziwe 75,000, na inayopungua −37,500 iongezewe. Kuhusu usahihi, kwenye namba ya biti 32 iliyo karibu na 35,000 hatua ndogo kabisa ni 0.0039. Chembe mbili zilizokaribiana kuliko hapo zinaandikwa pamoja, na kubadilisha kuwa biti 64 baadaye hakuzitenganishi.

Jambo jingine ni njia ya mkato ya √(GM/r), yenye kuhesabu tungamo la ndani ya r tu. Kwa tufe ni sahihi. Kwa sahani ya nyota si sahihi: kilele cha mzunguko wa sahani nyembamba ya kawaida kiko karibu asilimia 15 juu ya kile cha tufe lenye tungamo lilelile ndani ya kila r. Kwa galaksi bapa, weka nukta kwenye duara la katikati ya sahani na upige mvuto wa kweli.

Tofauti ya mvuto

Turudi kwenye namba za bamvua, maana zinafaa kuwa jaribio. Mwezi unaivuta dunia kwa mchapuko wa 3.32 × 10⁻⁵ mita kwa sekunde kwa sekunde, jua kwa 5.93 × 10⁻³. Tofauti kati ya uso wa dunia na kitovu chake ni 1.10 × 10⁻⁶ kwa mwezi na 5.05 × 10⁻⁷ kwa jua. Ya jua ni sehemu moja katika 11,700 ya mvuto wake. Programu ya biti 32 ina tarakimu 7 hivi, ikitoa namba mbili zinazokaribiana namna hii inabaki na tatu. Mti wenye kosa la asilimia 0.5 haubaki na kitu, na tena kosa lake halikui polepole: linaruka pale seli inapofunguliwa kwa nukta moja na kukubaliwa nzima kwa nukta ya jirani yake.

Kwa hiyo usitoe. Piga hesabu ya mnyambuo, yaani mvuto unavyobadilika ukisogea, moja kwa moja, namba tisa kwa kila nukta, ambapo sasa i na j ni mihimili (x, y au z) na d ni tofauti ya mahali kwenye mhimili huo: jumla ya G·m mara [3·d_i·d_j / (r² + ε²)^(5/2), na ikiwa i na j ni mhimili mmoja punguza 1/(r² + ε²)^(3/2)]. Kwa mwezi peke yake, mhimili wa kwanza ukielekezwa kwake, na ε sifuri, namba za ulalo zinatoka kwa uwiano wa 2, −1, −1, na jumla yao ni sifuri. Zidisha ile ya kwanza kwa nusukipenyo cha dunia, mita 6,371,000, upate 1.10 × 10⁻⁶. Ukiipata, msimbo wako uko tayari kwa kundi la nyota linalochanwa na galaksi.

Hesabu hiihii ndiyo inayohitajika kwa Wingu Kubwa la Magellan, ambalo usiku wa Disemba na Januari, kukiwa hakuna mwezi, linaonekana Kizimkazi juu ya bahari upande wa kusini. Liko kiloparseki 50, na tungamo lake linakadiriwa kuwa kati ya jua bilioni 100 na 200. Chukua 150: mvuto wake kwenye kitovu cha galaksi yetu ni 258 kwa vipimo vyetu. Mvuto wa galaksi yetu yenyewe kwenye kiloparseki 50, mzunguko ukiwa kilomita 200 kwa sekunde, ni 800. Kitovu chetu kinasogezwa, kwa hiyo anayeongeza Wingu kama chembe nzito bila ya kupunguza mchapuko wa kitovu kutoka kwa kila nyota amelipa Wingu nguvu ambayo halina. Nyota za nje zinasogea kwake kwa wingi kuliko inavyopasa, na mzunguko wa kila kijigalaksi unapinda kombo.

Ikiwa unachotaka ni kufuata njia za nyota kwa mabilioni ya miaka ndani ya galaksi isiyobadilika sana, usizijumlishe chembe kila hatua. AGAMA ya Eugene Vasiliev inazigeuza chembe kuwa uwanja laini, na kazi inakuwa nyepesi mno. Ila uwanja huo nao upimwe kwa zile nukta 200.

Kazi ndefu igawe kwa mafungu ya chembe 10,000 zinazovutwa, na kila fungu likimalizika liandikwe. Umeme ukikatika katikati ya kuandika HDF5, faili zima linaweza lisifunguke tena, kwa hiyo andika kwanza kwenye faili la muda, lifunge, halafu libadilishe jina lichukue nafasi ya la zamani. Ndani yake, pamoja na michapuko, andika ε na aina yake, θ, idadi ya chembe, thamani ya G uliyotumia, kama h imeshaondolewa au bado, na kosa la zile chembe 1,000 za majaribio.